Mkasi Usitangulie Kalamu



Mzee anapofariki katika nyumba zetu, shamba lake lina desturi ya kurithiwa, mbuzi wake wana desturi yao, na hata redio yake hupata mwenyewe kabla matanga hayajaondolewa. Nguo zake kuukuu ndizo hukosa sheria. Vikwembe vizuri hugawanywa kwa mabinti na wakamwana, mara nyingine kwa maneno makali. Vile vilivyochakaa hufungwa furushi, hutiwa sandukuni, na kazi iliyobaki hukamilishwa na panya.

Siku hizi imeongezeka njia nyingine, nayo ni moto. Msichana mmoja wa kundi la vijana aliniuliza, baada ya mafundisho ya Jumamosi, kama ni lazima achome nguo za nyanya yake. Alikuwa ameambiwa katika chumba fulani cha maombi kwamba nguo za wafu hubeba laana ya ukoo, na ya kuwa sanduku lililo chini ya kitanda cha mama yake ndilo linalomzuilia mchumba. Kibiriti alikuwa nacho nyumbani. Alichokuwa akitafuta ni ruhusa. Nilimjibu kwa ufupi siku ile, maana wenzake walikuwa wakimngoja. Hapa ninajibu kwa urefu, kwa kuwa najua hayuko peke yake.

Maoni yangu ni haya. Nguo ya mzee isichomwe, wala isifungiwe mpaka ioze. Ikatwe, ishonwe upya, ivaliwe, itandikwe. Lakini mkasi usitangulie kalamu: kila kipande kiandikwe kwanza kilitoka wapi, kilikuwa cha nani, na kilipita katika mambo gani. Familia inayokata kabla ya kuandika imetengeneza matambara. Na familia inayohifadhi bila kuandika haijamzidi panya kwa lolote.

Nitasema kwa mfano wa kitu nilichokishika kwa mikono yangu. Nyanya yangu, mama yake baba, alizaliwa karibu na Kasongo, katika Maniema. Alipokuwa msichana, masista wa misioni walimfundisha kupinda pindo, kutia kiraka na kutarizi, kama walivyofundishwa wasichana wengi wa wakati ule. Kutokana na ujuzi huo alishona, kidogo kidogo kwa muda wa miaka karibu thelathini, mfuniko mmoja wa kitanda uliounganishwa kwa vipande vya nguo zilizochakaa za watu wa nyumbani. Vipande 96, safu 12 za vipande 8. Hakununua hata kimoja. Alifariki mwaka 1994, na mfuniko ukazunguka katika nyumba za watoto wake, kila mwaka ukizidi kuchanika katikati, hata tukafika mahali pa kuulizana: tuufanye nini?

Kwanza kabisa tulisoma. Nasema kusoma, maana mtu aliyejua kutazama angeweza kuupitia mfuniko ule kama anavyopitia kitabu cha ubatizo, jina kwa jina.

Katika pembe ya juu kulikuwa na kipande cheusi kinachoelekea ubuluu, chepesi sana, kilichoshikiliwa zaidi na uzi wa nyanya kuliko nyuzi zake chenyewe. Ni kaniki. Vijana wengi wa leo hawajawahi kuisikia. Ni pamba iliyotiwa rangi ya nili, iliyofika kwetu pamoja na merikani, ile nguo nyeupe isiyo na rangi iliyotoka Marekani, ikapita Zanzibari, ikapandishwa bara vichwani mwa wapagazi, ikavuka ziwa Tanganyika. Nguo hizo zilikuwa fedha. Zilipimwa kwa doti, yaani mikono minane, na kwa doti walinunua pembe za ndovu, mtama, na watu. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip. Nyangwe, soko lililo kando ya mto Lualaba, ndiko Livingstone alikoshuhudia mauaji ya wanawake waliokuja kuuza samaki na mihogo, mwezi wa Julai 1871. Kasongo ilichukuliwa na majeshi ya Leopold mwaka 1893, na ubwana ukabadilika mikono. Kiswahili chetu chenyewe, kile ambacho wazee walikiita Kingwana, kilikuja kwetu kwa njia ileile ya misafara. Tunasali leo kwa lugha iliyoingia pamoja na minyororo. Jambo hilo halinisumbui, lakini napenda lijulikane.

Kipande cha kaniki kilikuwa cha mama yake nyanya. Sisi wajukuu tuliambiwa kwamba alikuwa mgeni kutoka mbali, na maneno yalikoma hapo. Shangazi yangu mkubwa, ambaye sasa amepita miaka themanini, ndiye aliyefungua mdomo tulipomwekea kidole juu ya kipande kile. Yule mama aliletwa Kasongo akiwa mtoto, ametekwa. Hakujua jina la kijiji chake. Alipokuwa mtu mzima aliolewa na mwanamume wa ukoo wetu, akazaa, akabatizwa katika uzee wake. Lakini mtu wa namna hiyo alitambulika kwa alama moja isiyofichika: watoto wake hawakuwa na wajomba. Siku ya ndoa ya nyanya, mbuzi wa mjomba alifungwa kwenye mti toka asubuhi hadi jioni, na hapakuwa na mtu wa kumfungua. Nyanya aliliona hilo akiwa bibi harusi. Akanyamaza nalo miaka yote, ila akakitia kile kipande pembeni, mahali pa kwanza, kama mtu anayeandika kichwa cha habari.

Kuna methali isemayo: mwacha asili ni mtumwa. Huimbwa sana katika hotuba zetu. Katika nyumba yetu mambo yalikwenda kinyume. Asili iliachwa kwa sababu ya kuliogopa neno mtumwa. Na mkichunguza vizuri, ndugu vijana, mtakuta kwamba katika Maniema na mahali pengi pa mashariki ya nchi yetu, familia zenye habari ya namna hii si chache. Bado kuna baraza ambamo mjukuu wa mtu aliyetekwa hunyamazishwa anapoomba neno juu ya shamba. Huyo anayemnyamazisha hutegemea ukimya wa wote wawili.

Safu ya tatu ilikuwa na vipande viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu, kimoja cha kaki nzito, kingine cheupe cha kukwaruza kama gunia. Ili kuvielewa ni lazima kujua habari ya pamba. Tangu mwaka 1917 sheria ya Wabelgiji iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao yaliyopangwa na Serikali, na katika Maniema zao hilo lilikuwa hasa pamba. Siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita kuu ya pili zikafikishwa 120. Mkulima hakuchagua mbegu wala bei. Aliuza pamba yake kwa senti chache, kisha akainunua tena ikiwa kikwembe, kwa fedha ambazo hakuwa nazo. Aliyepungukiwa alipigwa fimbo ya ngozi ya kiboko au alifungwa, na msimamizi wa karibu, yule aliyepita shamba kwa shamba, alikuwa kapita, mtu wa kijiji kama wao.

Babu yangu alikuwa kapita. Kaki ni ya suruali yake. Kipande cheupe kilitoka kwenye shati la kaka yake nyanya, ambaye alikuwa mkulima wa pamba, na aliwahi kupigwa mbele ya watu katika shamba lililokuwa chini ya usimamizi wa shemeji yake. Tulikua tukisikia kwamba babu alikuwa mtu mkubwa wa Serikali, mwenye baiskeli ya kwanza mtaani. Yote ni kweli, baiskeli na fimbo. Nyanya hakuacha maelezo. Ameacha ujirani wa vipande hivyo viwili, vimeshonwa kwa mshono mmoja mfupi uliokazwa kuliko mingine yote. Binamu mmoja alipendekeza tuiruke safu ile wakati wa kuandika. Tulikataa. Mtoto anayerithi suruali ya kapita bila habari ya fimbo amedanganywa, na uwongo wenyewe utatoka tu siku nyingine, kwa mdomo wa mtu asiyewapenda.

Vingine sivikalii. Kulikuwa na vitambaa vya maua vilivyofumwa katika kiwanda cha Filtisaf huko Albertville, mji tunaouita leo Kalemie, wakati Kongo ilipokuwa ikifuma nguo zake yenyewe. Kulikuwa na vipande vya mashati ya shule, vya shuka za hospitali, na kimoja chenye rangi ya machungwa ambacho watu watatu walikigombania, kila mmoja akiapa kwamba kilikuwa libaya la mama yake.

Lakini lazima niseme juu ya kipande cha 1964. Mwaka ule waasi wa Simba waliiteka Kindu mwezi wa Julai, na vita ikaenea katika Maniema yote. Mwezi wa Novemba askari wa Serikali na mamluki waliirudisha, na katika kwenda na kurudi huko raia ndio waliokanyagwa. Watu wetu walikaa msituni kwa miezi. Shangazi mkubwa, huyohuyo niliyemtaja, alikuwa ameolewa karibuni, na alijifungulia msituni mtoto wa kiume aliyeishi siku kumi na moja. Hawakuwa na sanda. Nyanya alichukua kikwembe ambacho shangazi alipewa siku ya mahari, akakigawa katikati kwa kisu. Nusu moja ilimfunika mtoto, nusu nyingine shangazi alijifunga nayo hadi waliporudi kijijini. Ilipochakaa, nyanya aliomba apewe kipande. Kina ndege wawili wa kijani, mmoja amekatwa bawa. Bawa limebaki msituni.

Sasa nawauliza wale wanaohubiri moto. Katika kipande hiki laana iko wapi? Nionyesheni uzi wake. Mnamwambia msichana wa miaka kumi na tisa kwamba nyanya yake aliyekufa ndiye adui yake, mnampa kazi ya kuchoma ushahidi wa pekee kwamba wazee wake waliteseka na wakapendana, kisha mnamwita huru. Najua kwamba Kanisa linakataza hirizi, matambiko na kuwaabudu wafu, na mimi mwenyewe nafundisha hivyo kila mwaka. Kukumbuka ni jambo lingine. Katika Misale ya majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, mwanzoni mwa Misa, baada ya watakatifu, tunawaita pia wazee wetu waliotutangulia wenye moyo mnyofu, ili wawe pamoja nasi. Anayewaita Jumapili altareni na kuwachoma Jumatatu uani ana mambo mawili ya kupatanisha.

Yafaa pia kukumbuka, kwa ufupi tu, Dorkasi wa Yopa. Alipokufa, Petro alipoitwa chumbani, wajane hawakumtolea hotuba. Walimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hao wajane waliitambua kila nguo, nani alishonewa na kwa haja gani. Bila ujuzi huo wangekuwa wamemwonyesha mtume lundo la nguo tu.

Hoja nyingine dhidi yangu ni nzito zaidi, na iliyoitoa ni shangazi. Yeye hakutaka moto. Alitaka mfuniko ubaki mzima, na kama umeoza, uzikwe pamoja na mtu. Alisema kukata kazi ya mikono ya marehemu ni kumkata vidole. Si neno la kudharau, na lina mizizi mirefu katika nchi yetu. Huko Kasai, kwa Wakuba, wanaume hufuma rafia na wanawake huitarizi na kuipamba. Nguo ndefu za sherehe huunganishwa kwa vipande vingi na viraka, na inasemwa kwamba viraka vyenyewe vilianza kama dawa ya matundu yaliyopatikana nguo ikitwangwa ili ilainike. Nguo hizo huhifadhiwa miaka na miaka, hadi siku ambapo maiti huvikwa, ili akifika kwa wazee wake wamtambue. Kwa hiyo shangazi, ambaye hajawahi kufika Mushenge, alikuwa anasema jambo ambalo Mkuba angelielewa mara moja.

Niliwaza sana juu ya maneno yake, na bado naona kwamba katika hali yetu kukata kulikuwa bora. Sababu ya kwanza ni nyanya mwenyewe. Mfuniko ule ni kazi ya mkasi. Kila kipande kilikuwa vazi zima ambalo aliamua kulikata, likiwemo vazi la mama yake. Hatuwezi kumheshimu kwa kulikataa jambo alilolifanya maisha yake yote.

Sababu ya pili ni nchi tunamoishi. Tazameni ndugu zetu wa Kivu na Ituri wanaokimbia usiku: sufuria, godoro, mtoto mgongoni, na furushi moja. Nyumba inayohifadhi kumbukumbu yake yote katika sanduku moja huipoteza yote katika usiku mmoja. Vipande vilivyogawanywa katika nyumba saba, Kasongo, Kindu, Bukavu, Lubumbashi na kwingineko, pamoja na daftari lililonakiliwa mara saba, haviwezi kuchomwa na kundi moja la watu wenye silaha. Hii ni hesabu tu, na walimu wa shule ya msingi wanaweza kuifundisha.

Sababu ya tatu ni ninyi. Kitu kilichofungwa sandukuni ni cha yule mwenye ufunguo. Nimeona familia zikivunjika kwa ajili ya nani ashike sanduku, wakati ndani hakuna mtu anayejua kilichomo. Kijana aliyepewa kipande kimoja, mkononi mwake, na habari ya kipande hicho, ana sababu ya kumpigia simu yule mwenye kipande cha pili.

Basi tulifanyaje? Naeleza kazi yenyewe, maana kuna wengine kati yenu watakaopenda kuifanya. Tulichora kwanza ramani katika daftari kubwa la mraba, vyumba 96, kila kimoja na namba yake. Mpwa wangu alipiga picha kila kipande, mbele na nyuma. Nyuma ndiko rangi ya asili ilikobaki. Kisha wajukuu walitumwa kwa wazee, wawili wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuandika. Waliokuwa mbali walituma sauti kwa WhatsApp, lakini tuliweka sharti: kila sauti iandikwe kwenye karatasi kabla ya Jumapili, kwa sababu simu huibwa. Kama mwalimu niliwakataza swali moja, lile la "Tueleze habari za zamani," ambalo humfanya mzee atoe hotuba. Waliambiwa waulize: hii ilikuwa nguo ya nani, ilinunuliwa wapi, iliraruka lini. Mzee akianzia kwenye kitambaa hufika mbali bila kusukumwa.

Mwingine alitumwa parokiani. Wengi hawajui utajiri uliomo katika vitabu vya ubatizo: sheria ya Kanisa inadai viandikwe humo jina la mbatizwa, wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe. Mwombeni paroko kwa adabu, na mwende mmejua mnachotafuta, maana majina yetu yana mtego. Mwaka 1972, wakati wa siasa ya authenticité, majina ya Kikristo yaliondolewa katika karatasi za Serikali na kila mtu akatakiwa kuchukua jina la kiasili; Kardinali Malula alipinga, akakaa Roma kwa miezi. Baba yangu na ndugu zake wawili, waliozaliwa na mama mmoja na baba mmoja, walitoka katika zoezi lile na majina matatu tofauti. Mtu anayemtafuta babu yake kwa jina lililo katika kitambulisho hatampata katika kitabu cha mwaka 1938. Amtafute kwa jina la ubatizo, na zaidi kwa jina la mama.

Kati ya vipande 96 tulipata habari za 61. Vingine 35 ni bubu, na katika daftari vyumba vyake viko vitupu. Kuna aliyetaka kuvijaza kwa kukisia. Tulimwambia chumba kitupu ni cha heshima kuliko hadithi ya kutunga.

Hapo ndipo tulipofumua. Tulitumia wembe kukata uzi wa mshono, tukiacha kitambaa kizima. Vipande vililowekwa katika maji baridi yenye sabuni kidogo ya kipande, bila kusuguliwa, vikaanikwa kivulini juu ya taulo. Vilivyokuwa dhaifu, kama kaniki, vilishonwa kwa mkono juu ya bitana mpya ya pamba, kwa mishono midogo ya kuzunguka, cherehani ingevimaliza. Vilivyokuwa na nguvu vilipelekwa kwa binamu yetu fundi, akavishona kwa cherehani yake ya miguu. Nyumba moja ilitaka nguo ya kumbebea mtoto siku ya ubatizo, na tayari watoto wanne wamepita humo. Nyumba nyingine ilichagua mito miwili. Kijana mmoja, ambaye anasoma ufundi wa umeme, aliomba kipande cha kaki na kile cheupe pamoja, akakitumia kufunika daftari lake la familia; nilifurahi kwamba hakuvitenganisha. Nyuma ya kila kitu tumetarizi namba ya chumba katika ramani, na mwaka. Tulikubaliana mambo mawili ya kukataza: hakuna kipande kitakachouzwa, na hakuna kitakachokuwa cha kufutia miguu.

Kaniki ilileta ugomvi. Matawi mawili hayakuitaka, kwa kuogopa jina lile. Iliishia kwa mpwa wangu wa kike, mwenye miaka kumi na sita, ambaye alisema mbele ya wakubwa kwamba yeye hana haja na wajomba ambao hawakuwepo, anamtaka yule mama aliyekuwepo. Wakubwa walinyamaza. Ameishona ndani ya mfuko wake wa kuendea shule, upande wa ndani, juu ya bitana.

Na wewe uliyeniuliza juu ya moto: fungua lile sanduku pamoja na mama yako, si peke yako. Chukua daftari. Anza na nguo iliyo juu, na usiulize juu ya mchumba.

Shangazi hajakubaliana nami hata leo. Alikuja siku ya kufumua, akaketi kwenye kiti chake, hakugusa wembe. Tulipofika kwenye kile kipande cha ndege wawili, alinyoosha mkono akakichukua kama kilivyo, na uzi wa nyanya ukiwa bado unaning'inia pembeni. Alikataa kisioshwe, alikataa kitiwe bitana. Yumo sandukuni mwake, amesema, pamoja na nguo aliyoichagua ya kuzikiwa, na hakitatoka humo ila pamoja naye. Mpwa wangu alichukua kalamu akaandika hivyo katika chumba namba 57, akamsomea, shangazi akatikisa kichwa, akasema tarehe imekosewa: mtoto aliishi siku kumi na mbili.